Nani Aliwaambia Nakonde

Ukitoka Mpemba kushuka mpakani, fuata foleni ya malori mpaka uone ubao mrefu umelazwa juu ya rimu mbili za tela. Hapo ndipo Kijiwe cha Rimu. Asubuhi za mwezi wa sita Tunduma ina baridi isiyo na adabu, na watu wa Rimu hukaa wamebanana kama wanaopendana, kumbe ni jiko la dada Sekela tu linalowavuta, na kahawa yake inayotoka shambani kwao Mbozi. Vijiwe vingine vya mji huu hubishana siasa na mpira. Rimu hubishana Mazimwi. Ndivyo wanavyouita ule mchezo wa simu, maana jina lake halisi ni refu na la kigeni, na Mzee Mbonile alipojaribu kulitamka aliuma ulimi. Unakamata zimwi, unalilea, unalifundisha kupigana, kisha unalipeleka likapambane na zimwi la mwenzako. Rimu wana mazimwi sita, kila mwenye nafasi kwenye ubao na la kwake, na yote yanakaa kwenye simu moja, ya Boazi, mwendesha bodaboda ambaye ndiye huyapiganisha yote, na kwa kazi hiyo anaitwa Dereva. Jumamosi iliyopita Boazi alifungwa na kijiwe cha Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mara ya tatu mfululizo, na tangu siku hiyo hakuna anayemwamini mwenzake hata kumshikia kikombe.

— Tumeuzwa, alisema Risiti.

Risiti ni Fanueli, anayekimbiza makaratasi ya wakala mmoja wa forodha. Kwa kawaida huyu bwana habari isiyo na ushahidi haigusi. Leo ushahidi hakuwa nao, ila hasira ilitosha kwa wote.

— Tumeuzwaje? akauliza Boazi. Alikuwa akiuliza hivyo tangu Jumapili, akiomba Mungu lipatikane jibu lisilomhusu yeye na vidole vyake.

— Fikiria mwenyewe, Dereva. Tunapigana wawili kwa wawili. Kila upande unaonyesha sita wake. Halafu kila mtu anachagua wanne kimya kimya, wawili wanatangulia, wawili wanangoja nyuma. Sita wetu Nakonde wanawaona, sawa, ndiyo sheria. Lakini wale wanne? Wale wanne tunawajua sisi tu wa ubao huu. Sasa wewe ulipotanguliza Chifu na Kinyonga, wao walitanguliza nini?

— La maji, na lile linaloruka.

— Ehee! La maji limzime Chifu na moto wake. Linaloruka, kwa sababu Chifu akitikisa ardhi lenyewe liko juu, linamchungulia tu. Walijua kabla hujabonyeza kitu!

— Ila Chifu alitikisa vizuri sana, alisema Mzee Mbonile. Mpaka mimi nilisikia kwenye ubao.

Mzee Mbonile ni mbadilisha fedha, mkubwa kuliko wote pale, na Chifu, yule joka wa moto, ni wake. Chifu akitikisa ardhi hachagui. Hupiga walio mbele yake na aliye ubavuni mwake. Jumamosi ile aliyekuwa ubavuni mwake ni Kinyonga wa dada Sekela, kiumbe mpole aliyelelewa kuponya wenzake, na alilala chini hapo hapo hajamponya mtu. Sekela akapuliza mkaa kwa nguvu kuliko mkaa ulivyotaka.

— Mimi nasema kosa liko kwenye aina ya vita, Mzee akaendelea. Zamani tulipigana mmoja kwa mmoja, sita wote wanaingia, hakuna wa kuachwa nje. Nakonde walitugusa? Hawakutugusa! Yule Semi wa Boazi alikuwa anakaa pale mbele kama ukuta wa benki. Wakaona tutawashinda daima, wakaleta hii ya wawili kwa wawili, mchague wanne, wawili wakae. Kwa nini wawili wakae? Ili tugombane! Gawanya utawale, hamkusoma nyie?

— Mzee, hiyo ndiyo aina ya mashindano dunia nzima, alisema Antena.

— Dunia nzima imeambiwa na nani? Wahenga walishasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha.

— Sasa hapo lina maana gani, Mzee?

— Maana yake mazimwi hayakuanza juzi. Wahenga walikuwa wanacheza.

Boazi alinywa kahawa yake taratibu. Kusikia Semi akisifiwa kulimpendeza na kumchoma kwa pamoja. Semi ni kobe wa jiwe, mzito, na Boazi alimpa jina la semitrela kwa mapenzi. Katika vita vya mmoja kwa mmoja watu walimpiga mpaka wakachoka wenyewe. Siku hizi, anapovamiwa na wawili kwa mpigo, anakuwa ameshaanguka kabla hajageuza shingo. Boazi alilijua hilo. Alilijua kama mtu anavyolijua jino bovu, akawa analitafunia upande wa pili.

— Tulieni niwaambie kitu cha kitaalamu, alisema Antena. Huyu ni Yesaya, fundi simu, na akishasema kitaalamu ujue hapo ndipo utaalamu umekwisha. Dereva, simu yako hapa inashika mtandao wa wapi?

— Wa Tanzania.

— Muda wote? Ukisogea pale konani, si inakuletea ujumbe wa kukukaribisha Zambia?

— Inaleta.

— Haya. Unakaribishwa Zambia na wewe umekaa na kikombe chako Tunduma. Mwili uko huku, simu imevuka. Na mazimwi wako wapi? Ndani ya simu. Wamevuka! Bila pasipoti, bila kadi ya chanjo! Wanakaa kule kidogo, Nakonde wanawakagua mpaka meno, halafu wanarudishwa.

Watu wakaitazama simu ya Boazi, na Boazi mwenyewe akaitazama kama mke aliyechelewa kurudi kutoka sokoni.

— Dawa yake? akauliza Risiti.

— Chuma. Mawimbi hayapiti chuma. Ilale ndani ya sufuria yenye mfuniko. Dada Sekela, hebu tuazime hiyo ya karanga.

— Ukigusa sufuria yangu nakumwagia kahawa ya moto, alisema Sekela. Nyie mnasumbuka na mawimbi, na macho hamyaoni. Hebu inueni vichwa mtazame. Dereva wa lori amekaa juu kule, anaona mpaka ndani ya birika langu. Nyie mmeinamia simu hapa chini mnasema tuanze na huyu, tuanze na yule, na yeye anawasoma kichwani. Halafu foleni ikisogea, anaelekea wapi?

— Nakonde.

— Nimemaliza. Na yule wa lori la bluu, wiki nzima hasogei. Jana alikuja akaomba kahawa ya maziwa.

— Kahawa ya maziwa! Mzee Mbonile akashtuka. Huyo si dereva.

— Na mimi nilisema hivyo hivyo.

— Basi na mimi niwaambie, maana sikutaka kuwatisha. Mzee akasogeza kichwa katikati, wote wakasogeza vyao. Lile zimwi lao la jicho moja. Linasoma mawazo, si ndiyo?

— Mawazo ya mazimwi wenzake, Mzee. Ndani ya mchezo.

— Nani kakuambia linaishia ndani? Kioo cha simu kina unene gani? Kioo hiki hapa, ukikidondosha kinapasuka! Lile jicho limekodoa Jumamosi nzima, na aliyekuwa mbele yake ni nani? Boazi! Ninachosema, kuanzia leo tukizungumza habari ya wale wanne, kila mtu awaze kitu kingine. Mimi nitawaza ugali.

— Ugali na nini? akauliza Antena.

— Ukiniuliza na nini utanifanya niwaze sana, watajua ni mtego.

Usicheke. Boazi hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuwaza ugali.

Risiti ndiye aliyekata shauri. Aliweka kikombe chini, akafuta mdomo, akatazama mwisho wa ubao ambako palikuwa na nafasi ya mtu mmoja haijakaliwa.

— Mtandao sawa, madereva sawa, jicho sawa. Lakini njia ya mkato ya siri kuvuka mpaka ni mdomo. Na kati yetu mwenye mdomo unaovuka mpaka kila wiki ni mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Ndiyo maana mimi koti hili silifui, alisema Mzee Mbonile.

Hakuna aliyetaja jina, lakini wote waligeuka kumtazama Boazi, kwa sababu mwenye ile nafasi ni shemeji yake. Huyo ni Ambakisye, ambaye dada yake ameolewa na Boazi. Ambakisye naye ameoa Nakonde, Mnamwanga wa kule kule, na kwa jinsi anavyokwenda na kurudi, kijiweni wanamwita Viza. Zimwi lake ni ndege anayevumisha upepo mpaka wenzake wote wanapata mbio, na alimpa jina la bintiye, Gloria. Katika vita vya wawili kwa wawili, zimwi bora kuliko huyo hapo Rimu hakuna. Hilo nalo Boazi alilijua.

— Shemeji si mtu wa hivyo, alisema.

— Hatujasema ni mtu wa vipi. Tunauliza tu.

Ukimtaja mtu, hana budi kutokea. Ambakisye alikuwa anakuja akikatiza katikati ya matela mawili, koti limefungwa mpaka shingoni, mkononi ana chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi ambacho ng'ambo wanakipika kikawa kitamu kweli kweli. Siku nyingine chupa ile ingepokelewa kwa vigelegele. Leo Risiti aliitazama kama afisa forodha anayetazama gunia lisilo na lakiri.

— Habari za asubuhi, wakubwa. Shikamoo Mzee.

— Marahaba. Kaa.

Alitaka kukaa, lakini watu walikuwa wamejitanua kidogo kidogo mpaka nafasi yake ikawa ya nusu mtu. Akabaki amesimama.

— Jumatano ulikuwa wapi? akaanza Risiti.

— Nakonde. Kwa wakwe.

— Ulikaa na nani?

— Na wakwe.

— Na nani mwingine? Sema tu, Viza, umeonekana.

Ambakisye akamtazama kila mmoja. Alipofika kwa Boazi, Boazi akawa anachunguza sahani ya karanga.

— Na Ba Chanda, alisema.

Kijiwe kizima kikatoa sauti. Ba Chanda ndiye Boazi wa Nakonde, yaani dereva wao, mwenye lile zimwi la jicho moja.

— Mama yake ndiye anayeniuzia munkoyo! Ambakisye akapandisha sauti. Nimekwenda kununua, nimemkuta, nimemsalimia. Mtu asisalimie?

— Kusalimia si kosa. Mlikuwa mnacheka.

— Tulicheka, ndiyo.

— Mlikuwa mnacheka nini?

Hapo ndipo kesi ilipoharibika. Ambakisye alifungua kinywa, akamtazama Mzee Mbonile, akamtazama dada Sekela, akakifunga.

— Kitu tu.

— Kitu gani?

— Kitu hakina maana. Nimesahau.

— Amesahau! alisema Antena. Mimi nikicheka naweza kukaa mwaka nakumbuka.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, alisema Mzee Mbonile kwa huzuni kubwa, na kwa kuwa hakuna aliyejua nani ameinama, wote waliitikia kwa kichwa.

Boazi alikuja kwenye kesi hii akitafuta mtu wa kubeba kufungwa kwake, na mtu alikuwa anapatikana, ila alikuwa mtu asiye sahihi kabisa. Alitaka shemeji yake aseme neno moja tu la maana, neno lolote, hata la uongo.

— Shem, si useme tu alichosema? Tuyamalize.

— Shemeji, niache, alijibu Ambakisye taratibu. Nikisema itakuwa mbaya zaidi.

— Mmesikia? Risiti akasimama. Mbaya zaidi! Mimi sina swali tena. Mzee, tupe hukumu.

Mzee Mbonile akavuta koti lake lisilofuliwa, akasafisha koo.

— Hapa hatumpigi mtu wala hatumfukuzi mtu, kijiwe ni cha wote. Lakini zimwi la mtu anayetuuza haliwezi kulala nyumba moja na mazimwi yetu. Boazi, fungua simu. Gloria aachiliwe porini.

Asiyecheza Mazimwi hawezi kujua uzito wa neno hilo. Zimwi ukiliachilia limekwenda. Halirudi, huwezi kulikamata tena lile lile, na miezi yote ya kulilea imekwenda nalo. Ambakisye alianza kumlea yule ndege wakati bintiye amelazwa na nimonia, akikaa kitandani kwake na simu ya Boazi mkononi, mtoto akimchagulia mapigo. Boazi alikuwa anawapelekea uji. Aliyaona kwa macho yake.

— Mzee, labda tungoje Jumamosi ipite...

— Tungoje tufungwe tena? alisema Risiti. Au Dereva na wewe umo?

— Mimi?

— Nauliza tu. Shemeji anakwenda Nakonde, wewe unashika simu. Mmoja anabeba habari, mwingine anabonyeza. Mtu mwenye akili angejiuliza.

Antena akasogea kidogo pembeni, kama vile Boazi ameanza kunuka. Ndivyo shaka ilivyo; ikimaliza chakula sahani moja inahamia sahani ya jirani. Boazi aliwatazama watu aliokaa nao miaka yote hiyo akaona kwamba asipobonyeza, kesho benchi hili litakuwa na nafasi mbili za kujitanulia. Akibonyeza, mke wake atazipata habari kabla ya saa sita mchana, na nyumbani hakutakuwa na chakula wala salamu. Akafungua simu. Akamfungua Gloria. Ndege akapiga mabawa kwenye kioo kwa furaha, kama anavyofanya kila akifunguliwa. Akabonyeza neno Achilia, na mchezo ukamuuliza: Una uhakika?

— Samahani jamani, hapa pana kahawa?

Alikuwa mama mmoja wa makamo, kitenge kimejaa vumbi la safari, anaitwa Restuta. Alisema anatoka Mlowo kule Mbozi, ana lori la maharage limekwama kwenye foleni tangu jana, miguu imemfa ganzi kwa baridi. Sekela akamsogezea kigoda na kikombe. Mgeni akamwamkia Mzee, akanywa, akawatazama, na kwa kuwa hakuna mtu wa Mbozi anayeweza kunywa kahawa mbele ya msiba bila kuuliza, akauliza.

— Kuna nini? Mbona huyu baba ameshika simu kama anapokea habari ya kifo?

Wakamweleza, wote kwa pamoja, huku kila mmoja akimrekebisha mwenzake. Wakamweleza sita, wakamweleza wanne, wakamweleza Nakonde walivyojua, na Viza alivyocheka. Restuta alisikiliza kwa adabu.

— Mimi mchezo wenu siujui. Wanangu wanacheza, mimi nawafokea tu. Lakini hao wanne huwa mnawachaguaje?

— Kwa zamu, alisema Boazi. Alishangaa swali lenyewe. Kwa zamu, mama, kama kituo cha bodaboda. Kila mtu ana haki. Kila Jumamosi wawili wanapumzika, na waliopumzika Jumamosi hii ndio wanaotangulia Jumamosi ijayo. Hakuna kuonea mtu.

— Kwa hiyo iliyopita walipumzika nani?

— Wa Antena na wa Risiti.

— Na iliyotangulia?

— Wa Mzee na wa dada Sekela.

— Aa. Restuta akapasua ganda la karanga. Kwa hiyo Jumamosi hii mnapumzika wewe na huyu shemeji yako, na wanaotangulia ni wa hawa vijana wawili.

Lori moja lilipiga honi. Foleni ikasogea hatua chache, ikasimama.

— Nani amekuambia? alisema Risiti kwa sauti ya chini. Umetoka Nakonde wewe?

— Nimetoka Mlowo, mwanangu. Mmeniambia nyie.

Boazi aliona kama mtu amemvua kofia kwenye baridi. Wiki nzima wamewasaka madereva, wamesaka mawimbi, wamewaza ugali, na kumbe siri yenyewe ilikuwa inatembea barabarani mchana kweupe. Mtu akiwatazama Jumamosi tatu tu alikuwa amewamaliza. Na mbaya kuliko yote, hakuna mtu aliyewahi kuificha, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni siri. Zamu ni zamu. Malori yana zamu, bodaboda zina zamu, hata maji ya bomba Tunduma yana zamu. Nani angefikiri ni kosa?

Wakamgeukia Ambakisye, pole pole.

— Ba Chanda alisema nini? Boazi akauliza.

— Alisema hivyo hivyo. Ambakisye aliiweka chupa ya munkoyo chini. Alisema, kule kwenu hata mazimwi yanapanga foleni ya bodaboda. Nikacheka. Jamani, inachekesha.

— Na hukutuambia!

— Ningewaambia nini, Risiti? Niseme tuache zamu? Mngeniuliza, tukiacha zamu nani aingie na nani akae. Mimi ningejibu nini mbele za watu?

Risiti akakaa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakudai ushahidi. Ila Restuta, ambaye lori lake halikuwa na haraka na mwenyewe pia hakuwa nayo, alikuwa bado anatafuna karanga na kuwaza.

— Sasa hilo nalo ni gumu? alisema. Si mchague wanne walio wazuri, wale wawili wasiofaa wakae?

Antena alikuwa na skrubu mfukoni, akaitoa akaanza kuchunguza nyuzi zake. Sekela alipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Boazi alisikia kioo cha simu kikimpasha moto kiganjani, na lile swali bado linamngoja pale pale. Akaona wazi kwa nini kijiwe kizima, na yeye wa kwanza, kilitamani sana pawepo na msaliti. Msaliti ukimpata unamfukuza, mnabaki ndugu. Lakini ukimwambia mwenzako kwamba zimwi alilolilea halifai, mtakaaje tena ubao mmoja?

— Basi tuendelee na kesi, alisema Mzee Mbonile. Boazi, si ulikuwa umefika mahali pa kubonyeza?

Boazi akabonyeza. Alibonyeza Hapana. Gloria akapiga mabawa akarudi kwenye kundi. Kisha Boazi akamfungua Semi, kobe wake wa jiwe, akamtazama kwa kitambo, na macho yakamwasha kidogo, ambalo kwa mwanaume mwenye pikipiki na watoto ni jambo la aibu. Akamtoa kwenye kikosi akampeleka ghala, kule wanakolala wasiopigana.

— Wa kwanza ni wangu, alisema. Semi ni mzito, hii aina ya vita si yake. Nimejua siku nyingi. Shemeji, nisamehe. Jumamosi hii Gloria anatangulia, na ijayo, na ijayo.

Ambakisye alikuja akakaa, na safari hii watu walisogea mpaka akapata nafasi ya mtu mzima na koti lake. Akafungua munkoyo, akammiminia Boazi wa kwanza.

— Safi sana! alisema Mzee Mbonile, akapiga goti lake. Uso ulikuwa umemng'aa. Huo ndio uanaume, Boazi. Mtu anasema ukweli juu ya zimwi lake mwenyewe, haogopi. Tangu zamani nasema hapa tatizo letu ni kuoneana haya. Haya, tumalize kazi. Wa pili ni wa nani?

Risiti akatazama Antena, Antena akatazama skrubu yake. Ambakisye alikuwa na munkoyo mdomoni na hakuumeza.

— Semeni bwana, msifiche! Mzee akawatazama mmoja mmoja, macho makali, tayari kumvumilia yeyote yule. Hapa sisi sote ni ndugu. Atakayetajwa asinune. Boazi, wewe ndiye dereva, wewe unawajua. Wa pili ni nani?

Restuta akageuka kumtazama Boazi, naye akitaka kujua. Boazi akakifunika kwa kiganja kioo cha simu, ambako Chifu alikuwa anapuliza moto wake.

— Kahawa imekwisha, alisema dada Sekela, akalifunika birika kwa kitambaa, na mvuke ukawa unapenya pembeni.